Wale Wengine Wanne

Kazini walimwita Mita, na hakuna aliyekumbuka ni nani aliyeanza. Alikuwa mtakwimu wa idara ya maji, mtu mrefu wa shati la mikono mirefu hata siku za joto kali, na kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya kompyuta na kuzihoji mita za mji mzima: ipi inasoma kupita kiasi, ipi imelala, ipi imechezewa na mwenye nyumba. Alizihoji kwa lugha ya kompyuta ya watu wa takwimu, lugha yenye jina la herufi moja tu, R, na wenzake walimtania kwamba ameoa mke wa pili ambaye hata jina zima hana. Mita alitabasamu kidogo akaendelea kuandika. Jina la mke wake wa kweli hakuwa akilitaja ovyo ofisini, na tangu alipokufa hakulitaja kabisa.

Kwa Mita dunia ilipangwa kwa mistari. Mstari mmoja, mita moja; mita moja, nyumba moja. Miaka yote aliyofanya kazi pale kanuni hiyo haikumwangusha, na mtu akishazoea kanuni isiyomwangusha huacha kuitazama. Hilo lishikwe mapema, maana ndilo lililokuja kumponza.

Mkewe alikufa kwa ini. Ilianza na mgongo. Alikuwa akiamka asubuhi ameinama, anajishika kiuno, anacheka kwamba amezeeka kumshinda mama yake. Mama yake huyo alikuwa akiishi nao, mjane mwenye mtoto mmoja tu, naye alikuwa na vidonge vya magoti alivyoandikiwa kliniki, dawa mpya iliyosifiwa sana. Akafungua mkoba, akatoa pakiti. "Kunywa hivi, mwanangu. Mimi vimenisimamisha." Binti akanywa, mgongo ukanyamaza, akaendelea kunywa. Wiki chache baadaye macho yakageuka manjano.

Wodini nesi alipouliza mgonjwa anatumia dawa gani, Mita alichanganyikiwa. Akamwaga mezani kila kilichokuwa kwenye mifuko ya koti lake: vidonge vya magoti, matone ya macho ya mkewe, na pakiti ya pipi zake mwenyewe za kifua, zile za mnanaa, ambazo mkewe hakuzigusa hata siku moja kwa kuwa harufu yake ilimchefua. Nesi aliandika vyote kwenye kadi. Mita alimwona anaandika, akataka kusema hizo pipi ni zangu, lakini papo hapo mkewe akaita kutoka kitandani, naye akageuka kumsikiliza. Mgonjwa hakurudi nyumbani.

Msibani watu walimtazama yule mama wakisubiri alie. Hakulia. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, macho makavu, anawaitikia waliompa pole kama mtu anayeulizwa njia. Watu wana midomo. Wakanong'ona kwamba ana moyo wa jiwe, kwamba pengine hakumpenda. Hawakujua alichokuwa amekikalia. Mita alijua, kwa sababu walipobaki wawili nyumbani, yeye na mama mkwe wake na sufuria zote zile ambazo sasa zilikuwa kubwa kupita haja yao, mama alisema asubuhi moja wakinywa chai.

"Baba," alimwita, kama alivyomwita tangu alipoposa. "Mimi ndiye niliyempa."

"Najua, mama."

"Basi wewe unayejua mahesabu niambie. Nimemuua mwanangu?"

Mtu yeyote mwenye akili zake angesema hapana, akaongeza sukari, yakaisha. Lakini watakwimu ndivyo walivyo: ukimuuliza mmoja swali hakujibu, anakwenda kutafuta data. Mita alimtazama yule mama, ameshika kikombe chake. Akasema, "Nitaangalia."

Liko ghala la data za usalama wa dawa, wazi kwa yeyote mwenye intaneti. Humo hurundikwa ripoti kutoka kila upande za watu waliokunywa dawa wakapatwa na jambo: jinsia, umri, uzito, dawa zote walizokuwa wakitumia, na kilichowapata. Majina hayamo. Kila robo mwaka ghala huongezewa ripoti mpya. Mita alianza kwa kupeleka ripoti ya mkewe, akinakili kadi ya hospitali neno kwa neno, hata zile pipi, kwa sababu kadi ndiyo ilikuwa kumbukumbu rasmi na yeye hakuwa mtu wa kuchezea kumbukumbu. Kisha akasubiri robo ipite.

Ilipopita, alikwenda ofisini Jumapili asubuhi, jengo tupu, mlinzi akiwa nje anasikiliza redio. Kwenye ukurasa wa mbele wa ghala palikuwa na maelezo marefu ya namna ya kuzisoma zile ripoti. Mita aliyaruka. Hakuwa mtu wa maelezo; nyumbani pasi mpya ilimuunguzia shati kwa tabia hiyohiyo, na mkewe alimsimanga mwaka mzima. Akafungua R yake, akaandika amri zake kama anavyoandikia mita: nichujie waliokunywa dawa hii. Kati yao, wanawake. Kati ya hao, waliokufa. Kati ya hao, ambao ini limetajwa. Akaomba aonyeshwe umri, uzito na kilichowapata, hayo tu.

Ikatoka mistari mitano.

Mmoja aliutambua, ni ule aliouandika mwenyewe. Wengine wanne hakuwajua. Mmoja alikuwa na miaka arobaini na mbili, mwaka mmoja kumzidi mkewe. Mmoja hakuandikwa umri kabisa. Mmoja aliandikwa uzito, kilo sitini na tatu, na kwamba macho yalikuwa manjano. Wa mwisho aliandikwa maneno machache tu, ini kushindwa kazi na kifo cha ghafla. Akalinganisha na dawa nyingine za viungo. Dawa ilikuwa mpya, walioitumia bado wachache, na watano kwa wachache wale walikuwa wengi mno; uwiano ulipanda juu kupita dawa zote alizozilinganisha. Mita aliegemea kiti, akakifunika kinywa kwa mkono. Aliona aibu kwa kile alichokihisi, lakini alikihisi: alifurahi.

Alirudi nyumbani na kumkuta mama anachambua mchele ambao haukuwa na mchanga.

"Mama, si wewe," alisema kabla hata hajakaa. "Ni dawa. Kuna wengine wanne. Wanawake kama yeye, wamekunywa vidonge vilevile, wamekufa vilevile. Hao hawakupewa na wewe."

Mama aliacha kuchambua. "Wanne?"

"Wanne, mbali na wetu."

"Walipewa na nani?"

"Madaktari, nadhani. Sijui. Ila si wewe."

Mkono wake ulibaki ndani ya mchele. Halafu akauliza swali ambalo Mita hakulitarajia. "Wana watoto?"

"Data haisemi, mama."

"Basi tuseme wanao," alisema mama, akainuka kubandika maji.

Tangu siku hiyo nyumba ilipata uhai kidogo, wa kusikitisha lakini uhai. Mama alianza kula. Akaanza kulala mpaka asubuhi, jambo ambalo Mita alilijua kwa sababu hakusikia tena kandambili zake zikizunguka sebuleni. Na wale wanawake wanne wakahamia pale ndani. Mama aliwapa majina ya kuwaitia: Wa Arobaini na Mbili, Asiye na Umri, Wa Kilo, na Wa Ghafla. Aliwaombea kila mmoja kwa zamu, na akiwa jikoni aliwasemesha. Asiye na Umri ndiye aliyemhurumia zaidi. "Mtu anakufa, hata miaka yake hawaandiki," alisema. "Huyo hakuwa na mama karibu. Mama angewaambia." Wa Ghafla alimwona mkorofi kidogo, mtu wa haraka, asiyeaga akitoka. Mita alicheka hapo, na mama akacheka, kisha wote wawili wakaacha kama watu waliokutwa na kosa.

Alipata hata nguvu za kurudi kliniki. Alirudi kutoka huko siku moja akiwa na mazungumzo tele. "Kuna nesi mpya, ana adabu huyo. Kaniuliza kwa nini vidonge vya magoti sivitaki tena. Nikamweleza yote, nikampa na ile kadi ya hospitali asome mwenyewe." Ile kadi aliitembeza mkobani, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni. "Akasikitika kweli. Akawa anaandikaandika kwenye kompyuta yake."

"Vizuri, mama," alisema Mita, nusu sikio, anatafuta soksi.

Na angeendelea hivyo, mwenye amani yake ya kuazima, kama si dada wa Malalamiko. Huyu alikaa meza ya pili kutoka ya Mita, na kazi yake ilikuwa kupokea simu za wateja, kazi iliyomwachia sauti ya mkwaruzo na dharau kwa binadamu wote. Asubuhi moja simu yake haikupumua. Ilipokaribia saa ya chakula aliiweka chini, akajinyoosha mpaka kiti kikalia.

"Kaka Mita, niombee. Simu tisa za mtaa mmoja."

"Mabomba tisa?"

"Tisa wapi. Bomba moja. Mwenye duka kapiga, mkewe kapiga, fundi baiskeli kapiga, mpaka mpangaji wa ghorofa ya juu ambaye maji yake yanatoka kama kawaida, naye kaona asibaki nyuma. Sasa kwenye kompyuta yapo tisa. Mkuu akifungua atadhani mtaa unaelea."

"Wewe umejuaje ni moja?"

"Wanasimulia tofauti, ndiyo. Huyu anasema maji yanabubujika, huyu anasema barabara imebomoka, huyu hajui hata anaishi namba ngapi. Lakini wote wanamtaja mbwa. Kuna mbwa kalala katikati ya dimbwi anajipoza. Wote tisa, kaka, mbwa yuleyule."

Akacheka na kwenda zake kutafuta chakula. Mita hakuinuka. Alimfikiria yule mbwa. Akafungua ile kazi ya ghala. Akaiandika amri upya, safari hii akaomba aonyeshwe kila kitu, pamoja na dawa nyingine ambazo marehemu walikuwa wakitumia, kipande ambacho mwanzoni hakukiona kina maana.

Mstari wa kwanza: vidonge vya magoti, matone ya macho, pipi za kifua za mnanaa.

Mstari wa pili: vidonge vya magoti, matone ya macho, pipi za kifua za mnanaa.

Hakuwa na haja ya kusoma wa tatu, lakini aliusoma, na wa nne, na wa tano. Mkono wake uliingia wenyewe mfukoni mwa koti na kuigusa pakiti. Alikuwa bado anazinunua.

Aliona sasa jinsi ilivyokwenda. Nesi wa wodini aliripoti, kama alivyotakiwa. Daktari alihesabu umri kwa mwaka wa kuzaliwa tu, akakosea kwa mwaka mmoja, akaripoti, kisha akawaandikia na watengenezaji wa dawa. Watengenezaji nao wakaripoti, kwa kuwa wanawajibika, wakaacha umri kwa kuwa hawakuwa na uhakika nao. Mfamasia wa hospitali aliripoti kwa haraka, maneno machache, siku ileile ya kifo. Na yeye mwenyewe aliripoti, kwa mapenzi. Kila mtu alifanya jambo jema, na mwanamke mmoja akafa mara tano.

Hapo ndipo alipoyasoma yale maelezo ya ukurasa wa mbele. Yalikuwa yameandikwa kwa lugha nyepesi kabisa: kwamba ripoti moja si lazima iwe mtu mmoja, kwamba tukio moja laweza kuripotiwa na wengi, na kwamba hata ripoti ya kweli haithibitishi kuwa dawa ndiyo iliyosababisha. Akaandika amri ya kuondoa zinazojirudia. Ukabaki mstari mmoja. Uwiano ukashuka, na kwa mtu mmoja hakuna hesabu inayoweza kusema lolote, si kwamba dawa imeua, si kwamba haikuua. Swali la mama lilikuwa limerudi palepale mezani, karibu na kikombe.

Kilichomshangaza ni kwamba aliwalilia. Alikwenda chooni, akafungua bomba lisikike, akamlilia Asiye na Umri na Wa Kilo na Wa Ghafla na yule wa Arobaini na Mbili, wanawake ambao hawakuwahi kuwako. Alikuwa amewazoea. Walikuwa wamemsaidia kuubeba ule msiba, na sasa wote wanne walimrudishia mzigo kwa mpigo.

Alikusudia kusema jioni ile. Alifika, mama akampokea mkoba, akamwambia kwamba leo ilikuwa zamu ya Wa Kilo na amemwombea vizuri. Mita akanawa mikono, akala. Alikusudia kesho yake, na kesho kutwa. Kila akifungua mdomo aliona mkono ule ndani ya mchele. Alijiambia kwamba ukweli ni haki ya mtu, kisha akajiambia kwamba ukweli wenyewe haujui lolote, sasa ni haki gani hiyo ya kumtia mtu gizani upya. Alikonda. Dada wa Malalamiko alimwambia anafanana na mswaki.

Robo mpya ilipoingia ghalani aliifungua bila kutarajia kitu. Alikuwa amejiwekea azimio: ataangalia mara ya mwisho, atafuta kazi yote kwenye kompyuta, na jioni hiyo atasema, iwe iwavyo. Akaandika amri zake. Ikatoka mistari sita.

Kwa muda mfupi moyo ulimruka. Mwingine, wa kweli safari hii. Akashuka na macho mpaka kwenye ule mstari mpya: mwanamke, miaka arobaini na moja, vidonge vya magoti, matone ya macho, pipi za kifua za mnanaa. Aliyeripoti: nesi wa kliniki. Na mwishoni, mahali pa maelezo ya ziada ambapo wengine wote waliacha patupu, nesi huyo mwenye adabu alikuwa ameandika kwamba dawa haikuwa ya marehemu, alipewa na mama yake mzazi.

Mita alisoma mstari huo mpaka herufi zikaacha kuwa na maana. Kisha akafunga kompyuta na kwenda nyumbani kabla ya saa ya kutoka, jambo ambalo halijawahi kutokea, na mlinzi akamuuliza kama anaumwa.

Mama alikuwa sebuleni anakunja nguo. Alipomwona saa zile aliiweka chini aliyokuwa ameishika.

"Kuna nini, baba?"

"Nimeangalia ghala, mama. Nina jambo la kukwambia. Wale wanawake..."

Uso wa mama ulibadilika. "Wameongezeka."

Mita alikuwa ameyapanga maneno njiani, yote, kwa utaratibu. Hakulipata hata moja.

"Ndiyo," alisema. "Mmoja."

"Wa miaka mingapi?"

"Arobaini na moja."

"Kama wangu," alisema mama polepole. "Alipewa na nani hizo dawa? Huyu naye ni daktari?"

Alipaswa kunyamaza. "Mama yake," alisema Mita. "Alikuwa anaumwa mgongo. Mama yake akampa zake."

Yule mama aliketi juu ya nguo alizokwisha kuzikunja. Kwanza mabega ndiyo yaliyotikisika, kisha sauti ikatoka, sauti ambayo watu msibani waliisubiri siku nzima wakaikosa. Alilia amejikunja, amekumbatia foronya, analia kwa ajili ya mwanamke asiyemjua na kwa mama wa mwanamke huyo, anarudia maskini, maskini, hakujua, angejuaje. Mita alipiga magoti mbele yake akamshika mikono, naye machozi yalikuwa yakimdondoka kwenye shati.

Baada ya muda mrefu mama alijifuta uso kwa ile foronya.

"Huyo mama yake," alisema. "Yu hai?"

"Yu hai, mama."

"Ana mtu wa kukaa naye?"

"Anaye."

"Kama kuna njia ya kumfikishia salamu," alisema mama, "mwambie si yeye."

"Nitamwambia," alisema Mita.